Mjadala juu ya Mkono Usiovimba Bado

Mwaka 1921 William Halsted, mpasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuenea duniani kwa ile operesheni yake ya kuondoa ziwa lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapa, alichapisha makala juu ya uvimbe wa mkono unaowapata wanawake baada ya kupasuliwa saratani ya ziwa, akatafuta sababu yake na njia ya kuukinga. Zaidi ya miaka 100 imepita, na upasuaji umepunguza ukali wake kwa kiasi ambacho Halsted mwenyewe asingekitambua. Lakini mkono ungali unavimba. Mwaka 2013 wataalamu waliokusanya natija za tafiti nyingi walikuta ya kuwa katika wanawake waliofuatiliwa tangu mwanzo, zaidi ya mmoja katika kila watano alipatwa na uvimbe huo. Na ya kuwa waliosafishwa tezi za kwapa walivimba kwa kadiri ya 20 katika 100, ilhali waliotolewa tezi chache za mwanzo tu, zile zinazopokea limfu ya ziwa kwanza, hawakufika 6.

Namna maradhi haya yanavyokuja yajulikana. Kila siku maji yenye protini huchuruzika kutoka katika vijishipa vya damu, yakapenya nyama ya mkono, kisha yakachukuliwa na mishipa myembamba ya limfu, nayo ikayapandisha mpaka kwapani, yakapita katika tezi, yakarejea katika damu karibu na mtulinga. Tezi zikiondolewa, au zikinyauka kwa mionzi, njia hubana, na maji yasiyopata pa kupita hukaa. Kwanza mkono huwa mzito tu bila ya kuonekana kitu, na hatua hii wataalamu wa limfu huiita hatua ya 0. Kisha huvimba, ukibonyezwa hubaki shimo, na ukiinuliwa hupungua. Mwishowe ngozi hukakamaa, na mafuta hujaa pale palipokuwa na maji, jambo ambalo Håkan Brorson wa Malmö, Uswidi, alilibainisha alipoyanyonya mafuta hayo kwa mrija kutoka katika mikono ambayo bandeji hazikuweza tena kuipunguza. Mkono uliofika hapo haurudi kwa kubanwa, kwa kuwa kilichomo si maji tena. Kwa hivyo hakuna tabibu mwenye akili asemaye kuwa kuchelewa ni kheri. Wanapotofautiana ni hapa: je, yafaa kuyatafuta maradhi katika mkono ambao haujavimba, na je, yawezekana kumjua mapema yule ambaye mkono wake utavimba?

Baraza ninaloliweka hapa halikukaa siku moja mahali pamoja. Sauti zake nne nimezitunga, ila hoja zao ni zile ambazo watu wa kazi hii wanashindana nazo kwa kweli, tena kwa insafu. Nami sikutaka kuliandika kama waadhi wa mtu mmoja, kwa sababu jambo lenyewe halijafikia kikomo cha kuwaidhiwa. Yuko Mpimaji, bibi aliyesomea fiziotherapia na ambaye kazi yake ya kila siku ni mikono na mabega ya waliopasuliwa. Yuko Mpasuaji, mtu wa maneno machache na shaka nyingi. Yuko Mwalimu, ambaye husomesha hesabu za takwimu. Na yuko Bi Mkubwa, mkazi wa mwambao, aliyepasuliwa ziwa la kulia, ambaye peke yake kati ya wanne hawa ndiye mwenye mkono unaosemwa.

MPIMAJI: Nitaanza na jambo ambalo naliona dogo kwa gharama na kubwa kwa faida. Mikono ya mwanadamu hailingani. Mtu atumiaye mkono wa kulia kulima, kufua na kusonga ugali, mkono huo aghalabu huwa mnene kuliko wa kushoto tangu ujana wake, wala hapana maradhi yoyote hapo. Sasa mwanamke huyo akipasuliwa upande wa kulia, akanijia baada ya mwaka mmoja, nikaupima mkono wa kulia nikauona umezidi, nitajuaje kama ziada ile ni ya limfu au ni ya jembe? Na akipasuliwa upande wa kushoto, mkono ule uliokuwa mwembamba ukajaa maji hata ukalingana na wa kulia, mimi nitaandika kuwa mikono yake iko sawa, naye atarejea nyumbani na maradhi yake. Katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, ambako wanawake hupimwa kabla ya operesheni, ilionekana kuwa zaidi ya robo yao walikuwa na tofauti ya asilimia 5 au zaidi baina ya mikono miwili hata kabla kisu hakijawagusa. Kwa hivyo kipimo cha baada ya operesheni kisichokuwa na kipimo cha kabla yake si ushahidi, ni dhana.

MPASUAJI: Hayo siyapingi, Bibi. Lakini wewe wasema juu ya Boston, ambako mkono huingizwa katika fremu yenye mianga isiyoonekana kwa macho, na mashine ikatoa ujazo wake mara moja. Mimi nina orodha ya wagonjwa inayozidi siku za juma, na muuguzi mmoja anayewaandaa wote. Ukiniongezea kipimo, niambie nipunguze kitu gani.

MPIMAJI: Usipunguze kitu, Bwana Daktari. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Huanza kwenye kifundo cha mkono, nikapima mzingo kila baada ya sentimita 4 mpaka karibu na kwapa, mkono mmoja kisha wa pili, na kila kipande kilicho baina ya vipimo viwili nikakihesabu kama pia iliyokatwa ncha; jumla ya vipande hivyo ndiyo ujazo wa mkono. Njia ya wazee wa kazi yetu ilikuwa ni kutia mkono katika chombo kilichojaa maji na kuyapima yanayofurika, nayo ingali sahihi, ila haifai penye kidonda kibichi. Jambo la kushikwa ni kwamba ala ile ile, na ikiwezekana mpimaji yule yule, watumike kabla na baada; kwani utepe ukivutwa na mtu mwingine kwa nguvu nyingine hutoa hesabu nyingine, na mgonjwa hana habari.

MWALIMU: Niruhusuni nitie neno. Hata wakipima kwa uaminifu, hawajakubaliana ni kitu gani wanakitafuta. Mmoja husema mkono umevimba ukizidi sentimita 2 mahali popote. Wa pili husema mililita 200. Wa tatu husema asilimia 10 ya ujazo. Mwanamke mwembamba aliyeongezeka mililita 150 ana uvimbe kwa kipimo cha asilimia, na kwa kipimo cha mililita ni mzima. Mtu akikuambia kwamba katika mji fulani wanaovimba ni wengi kuliko mji mwingine, muulize kwanza walipima kwa kanuni ipi, kabla hujaanza kuwasifu au kuwalaumu wapasuaji wao.

MPASUAJI: Na zile mashine za umeme?

MPIMAJI: Hizo zilifanyiwa uchunguzi mwingi Brisbane, Australia. Umeme hafifu, ambao mtu hausikii, hupitishwa katika mkono. Na umeme wa mawimbi ya polepole hauingii ndani ya chembe za mwili, bali huzizunguka na kupita katika maji yaliyo baina yake, mfano wa maji ya mto yapitayo baina ya mawe. Maji hayo yakizidi, upinzani hupungua, na mashine ikaujua upungufu huo kabla utepe haujaona kitu. Mwaka 2001 wachunguzi wa huko walitangaza kwamba wanawake waliokuja kuvimba, kipimo cha umeme kiliwatambua hata miezi 10 mapema. Lakini nitasema pia kasoro yake: mkono uliokwisha kugeuka kuwa mafuta na nyama ngumu, umeme hauusemi vyema, maana kazi yake ni kuyasoma maji.

Hapa naomba niseme kitu kwa jina langu. Wengi wanaoandika juu ya habari hizi huzisifu mashine mpya kwa kuziweka moja juu ya nyingine, hata msomaji akadhani kuwa aliye mbali na mashine yuko mbali na tiba. Nadhani si kweli. Neno la Mpimaji kuhusu kipimo cha kabla ya operesheni lazidi kwa thamani maneno yote juu ya ala, kwa kuwa utepe uliotumika mapema huweza kusema jambo ambalo mashine iliyoletwa ikiwa imechelewa haiwezi kulisema katu. Nilitaraji Mpasuaji angeshikilia suala la ala na gharama yake. Alikwenda penye ugumu zaidi.

MPASUAJI: Haya, nimekubali umeuona. Mkono umeongezeka asilimia 4, mwenyewe hana habari, wewe peke yako unajua. Utaufanyia nini? Maana kumwambia mwanamke aliyetoka katika saratani juzi kwamba ameanza maradhi mengine ni kumtwisha mzigo, na mzigo huo hauna uhalali ila kama una dawa.

MPIMAJI: Dawa iko. Katika hospitali ya jeshi la majini la Marekani huko Bethesda, wanawake 196 walifuatiliwa tangu kabla ya operesheni, na 43 kati yao ujazo wa mkono ulipozidi kidogo, kwa kizingiti cha asilimia 3, walivishwa soksi ya mkono yenye kubana kwa kadiri ya wiki 4. Mkono ulipungua kwa wastani wa mililita 48, na upungufu ule ukadumu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Na baadaye walipokadiria gharama, kumfuatilia mwanamke na kumtibu mapema kuligharimu dola 636 kwa mwaka, ilhali kumngojea mpaka avimbe kuligharimu zaidi ya dola 3,000.

MPASUAJI: Na waliozidi asilimia 3 wakaachwa bila ya soksi, ikawaje?

MPIMAJI: Hapakuwa na kundi hilo.

MPASUAJI: Basi sijui kama ni soksi iliyowaponya. Mkono baada ya operesheni hupanda na kushuka. Nimewaona waliovimba mwezi wa tatu wakapona mwezi wa sita bila ya mtu kuwagusa.

MWALIMU: Daktari amesema kweli, na ithibati iliyokuja baadaye haikumaliza shaka yake. Liko jaribio lililoongozwa kutoka chuo kikuu cha Vanderbilt, Nashville, lililokusanya wanawake wa Marekani na Australia, na natija yake ya mwisho ikatolewa mwaka 2022. Wanawake waligawanywa kwa kura: hawa wafuatiliwe kwa utepe, na wale kwa umeme, na yeyote aliyevuka kizingiti cha kipimo chake akavishwa soksi saa 12 kwa siku kwa wiki 4. Kati ya waliovuka kizingiti kwa utepe, 19.2 katika 100 waliendelea hata wakapata uvimbe wa kudumu. Kati ya waliovuka kwa umeme, 7.9. Watu walizishika hesabu hizi mbili wakasema kuwa jambo limekwisha. Lakini tazama vyema. Kwanza, makundi yote mawili yalivishwa soksi, kwa hivyo jaribio halisemi neno juu ya asiyevishwa. Pili, kikomo cha uvimbe wa kudumu kilipimwa kwa ongezeko la asilimia 10 la ujazo kwa utepe, na kizingiti cha kundi la utepe kilikuwa asilimia 5. Aliyevuka kizingiti kwa utepe alikuwa amekwisha kufika nusu ya kikomo tangu siku ya kwanza, na mwenzake wa umeme huenda alikuwa bado hajaongezeka kitu. Natija ile inatuambia kwamba umeme huwaona watu mapema zaidi. Haituambii ya kuwa soksi huzuia.

MPASUAJI: Na Uingereza?

MWALIMU: Uingereza walilijaribu swali lako hasa. Wanawake waliosafishwa kwapa, na ambao mkono ulikuwa umezidi baina ya asilimia 4 na 9, waligawanywa kwa kura, nusu wakavishwa soksi kwa mwaka mmoja na nusu wasivishwe. Tofauti baina yao, ilipotangazwa mwaka 2023, haikutosha kuaminiwa kuwa si ya bahati. Ila waliogawanywa walikuwa wachache, na idadi ndogo huweza kuficha faida ndogo.

Nikiri kuwa mahali hapa mjadala ulikaribia kuwa wa watu watatu waliosoma, na aliye na mkono akawa msikilizaji. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kimya, akiushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

BI MKUBWA: Wanangu, mmesema mengi na nimewaelewa zaidi ya mnavyodhani. Mimi sikupimwa na utepe wala umeme. Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali niliambiwa maneno ya haraka mlangoni: usibebe ndoo, usichomwe sindano mkono huu, usipimwe presha mkono huu, usiuumize. Nikaogopa. Nikauweka mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine, niliokabidhiwa kuwa amana. Binti yangu akanichukulia kufua, mkwe wangu akanichukulia kupika, na mimi nikakaa, nikanenepa, bega likakaza hata nikawa siwezi kufikia rafu. Na pamoja na hayo yote mkono ukavimba. Nilijua kwa bangili, ambayo ilikuwa ikicheza kwenye kifundo kisha ikakataa kuvuka. Nilipokwenda kueleza, nilijibiwa kwamba ni kawaida baada ya operesheni, nirudi ukizidi. Nikarudi ulipozidi. Sasa mimi nataka kumuuliza Bwana Daktari: wasema kumwambia mtu mapema ni kumtwisha mzigo. Huo mzigo wa kuogopa niliubeba mimi bila ya mtu kunipima. Kwani hofu hukaa penye habari tu?

MPASUAJI: Bi Mkubwa, sina jibu la kukuridhisha katika hilo, na sitajaribu kulitunga.

MPIMAJI: Kuhusu yale maneno ya mlangoni, mama, mengi yake hayana mashiko. Mwaka 2016 wale wale wa Boston walichapisha vipimo zaidi ya 3,000 walivyovichukua kwa wanawake 632, wakatazama kama kutolewa damu, kuchomwa sindano au kupimwa presha katika mkono wa upande uliopasuliwa kulifuatiwa na kuongezeka kwa ujazo. Hawakuona uhusiano. Walichokiona ni kwamba waliovimba walikuwa ni waliosafishwa kwapa, waliopigwa mionzi penye tezi, wenye uzito mkubwa, na waliopata uambukizo wa ngozi. Na kuhusu ndoo, Kathryn Schmitz na wenzake huko Philadelphia waliwafundisha wanawake waliokwisha kuvimba kunyanyua vyuma, polepole na kwa kuongeza uzito kidogo kidogo. Mwaka 2009 walitangaza ya kuwa mikono iliyozidi kuharibika ilikuwa 14 katika 100 kwa walionyanyua, na 29 kwa wasionyanyua. Mwaka uliofuata wakatangaza habari za wale ambao hawajavimba bado: walioondolewa tezi 5 au zaidi wakanyanyua, 7 katika 100 walivimba, wasionyanyua, 22. Mkono uliowekwa bila ya kazi haukukingika.

BI MKUBWA: Basi nilikaa bure.

MPIMAJI: Hukukaa bure kwa kosa lako. Ila jeraha lisafishwe, na ngozi ikiwa nyekundu, yenye moto na homa, mtu aende apate dawa siku ile ile. Hilo la uambukizo ni kweli, nalo hurudiarudia kwa aliyevimba.

BI MKUBWA: Na soksi zenu, mwanangu, mzijaribu wakati wa kaskazi, jua la Januari, ndipo mseme saa 12.

Mwalimu hakutaka suala la kutabiri lipite hivi hivi, na nadhani alikuwa na haki. Kwani kama haiwezekani kumvisha kila mtu wala kumwita kila mtu kila mwezi, basi lazima pawe na namna ya kujua nani aitwe zaidi.

MWALIMU: Mwaka 2012 huko Brazil, kwa habari za wanawake 1,054 waliopasuliwa Rio de Janeiro na kufuatiliwa kwa miaka, ilitengenezwa chati ya kukadiria. Huulizwa umri, uzito kwa kulinganisha na urefu, kiasi cha tezi zilizosafishwa, mionzi ilielekezwa wapi, dawa za saratani zilitiwa kwa mkono upi. Na chati nyingine, inayotumika baada ya miezi kadhaa, huuliza pia kama maji yalikusanyika chini ya kidonda, kama palitokea uambukizo, na kama mkono ulivimba mapema hata kidogo. Ukichukua wanawake wawili, mmoja aliyevimba baadaye na mwingine ambaye hakuvimba, chati hizi humpa yule wa kwanza hatari kubwa zaidi mara 7 hivi katika kila mara 10. Kubahatisha tu kungempata mara 5. Kwa hivyo chati inajua kitu, lakini haijui kiasi cha kumwambia mwanamke kuwa yu salama.

MPASUAJI: Na wanawake wetu je, chati imewajua?

MWALIMU: Swali hilo ni zito. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, wanawake waliosafishwa kwapa walipimwa kwa uangalifu, na natija ikachapishwa mwaka 2022: baada ya miaka miwili, wanawake weusi waliovimba walikuwa takriban 39 katika 100, na wanawake weupe wapatao 20 katika 100, na tofauti hiyo ilibaki hata baada ya uzito na mengineyo kutiwa katika hesabu. Sababu haijabainika. Lakini natija yake kwetu ni wazi: chati isiyokuwa na swali hilo, ikitumika kwa mtu ambaye hatari yake ya asili ni kubwa zaidi, yaweza kumhesabia hatari ndogo kuliko aliyo nayo, tena kwa sura ya uhakika.

MPIMAJI: Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza kuliko yote niliyoyasoma. Katika hospitali ya St George's, London, Peter Mortimer, Rodney Levick, Anthony Stanton na wenzao hawakuridhika na maelezo kwamba mfereji umezibwa tu. Kwani kama ni kuzibwa, mbona wanawake wawili waliopasuliwa sawasawa, mmoja huvimba na mwingine asivimbe? Waliupima mtiririko wa limfu mikononi kabla ya operesheni, kisha wakangoja. Ungedhani waliokuja kuvimba walikuwa na mishipa dhaifu tangu mwanzo. Ilikuwa kinyume: mishipa yao ilikuwa ikifanya kazi kubwa zaidi na kwa nguvu zaidi, tena katika mikono yote miwili, hata ule usiohusika na saratani. Dhana yao ni kwamba maumbile ya wanawake hao humwaga maji mengi zaidi katika nyama, na mishipa yao huyachukua kwa juhudi kubwa bila ya kuonekana taabu; basi njia ikibanwa, wao hawana akiba ya nguvu iliyobaki.

Neno hili la London naliona kuwa ndilo kiini cha suala zima la kutabiri, na nasikitika kuwa haliandikwi vya kutosha kwa lugha ambazo wagonjwa huzisoma. Lamaanisha kwamba sehemu ya jibu imo katika mwili wa mwanamke kabla hajaugua, na kwamba aliyevimba hakuvimba kwa uzembe wake; na mwanamke aliyeishi miaka akijilaumu kwa ndoo aliyoibeba siku ya arusi ya jirani ana haki ya kuambiwa hilo bayana. Lakini kipimo kile cha mtiririko kilitaka dawa nururishi na kamera yake, na wala hakiwezi kuwa kazi ya kila zahanati. Tunajua kuwa ishara iko, ila kuisoma kwa kila mtu hatujaweza.

MPASUAJI: Nitasema langu la mwisho, maana naona mnatafuta mbali kilicho karibu. Hakuna kitabiri kilicho na nguvu kuliko kisu changu mwenyewe. Mwanamke ambaye kwapa lake halikusafishwa ana hatari ndogo mara kadhaa kuliko aliyesafishwa. Hilo mmelisema tangu mwanzo kisha mkalipita. Mwaka 2011 jaribio la Giuliano na wenzake, lenye wanawake 891 ambao tezi zao za mwanzo, moja au mbili, zilikutwa na saratani, lilionyesha ya kuwa kutozisafisha zilizobaki hakukuwapunguzia maisha, madhali walitolewa donge na kupigwa mionzi. Na baada ya miaka 10 natija ikawa ile ile. Mwaka 2014 jaribio la Ulaya liliweka mionzi ya kwapa mahali pa kisu, na baada ya miaka 5 uvimbe ukawa 11 katika 100 badala ya 23, na saratani ikadhibitiwa sawasawa. Mkinipa fedha za mashine moja ya umeme, nitazitia katika rangi ya buluu ya kutafutia tezi ya kwanza na katika mtaalamu wa kuisoma chini ya darubini.

BI MKUBWA: Na aliyekuja kwako donge limekwisha kufika kwapani, tezi zashikika kwa kidole?

MPASUAJI: Huyo nitamsafisha, mama. Sina njia nyingine.

BI MKUBWA: Basi ni mimi huyo. Na katika foleni ile tuliyokaa, ni wengi wetu.

Nami, kwa kuwa nimeyakusanya maneno haya, naona wajibu kusema nilikosimama. Jibu la Bi Mkubwa limeweka kila hoja mahali pake. Mpasuaji ana haki kwamba kinga iliyo kuu ni kutolisafisha kwapa lisilohitaji kusafishwa; lakini kinga hiyo humfikia aliyewahi kuja, na katika hospitali zetu, kuanzia Ocean Road ya Dar es Salaam hadi Bugando ya Mwanza na Kenyatta ya Nairobi, wanaokuja kwa kuchelewa ni wengi mno hata mtu hawezi kujenga mpango wa kuwatunza kana kwamba hawapo. Kwa hao, na kwa kila mwingine, kipimo cha mikono yote miwili kabla ya operesheni nakiona kuwa ni haki, hata kama hapana soksi wala mashine. Kwa maana kinamwezesha mwanamke, siku bangili itakapokataa kuvuka, kuja na hesabu ambayo hakuna atakayemjibu kuwa ni kawaida. Kutabiri nako nakukubali kwa kazi moja: kuwachagua watakaoitwa mara nyingi zaidi. Kuutumia utabiri ili kumwambia mtu asirudi tena, nakukataa. Na kuhusu soksi kwa mkono ulioongezeka kidogo sana, naungana na shaka ya Mpasuaji. Afadhali mwanamke huyo aelezwe, afundishwe mazoezi, apimwe tena baada ya mwezi, kuliko kufungwa kwa jambo ambalo ithibati yake haijakamilika.

MPIMAJI: Wa Boston wameonyesha kwamba hatari haina wakati mmoja. Aliyesafishwa kwapa bila ya mionzi, kilele chake ni baina ya mwezi wa 6 na wa 12. Aliyesafishwa na kupigwa mionzi, baina ya mwezi wa 18 na wa 24. Na aliyetolewa tezi chache tu kisha akapigwa mionzi, huweza kuwa mwaka wa nne. Kwa hivyo mimi nitawaita kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita. Na kadi ya vipimo akae nayo mwenyewe, isifungiwe katika faili la hospitali.

MPASUAJI: Kadi nimekubali. Na nitasema faili la mgonjwa wa ziwa lisiingie chumba cha upasuaji pasipo hesabu za mikono miwili. Ila ukinijia na asilimia 3, sitaandika soksi.

MPIMAJI: Asilimia 5?

MPASUAJI: Asilimia 5 mara mbili mfululizo, kwa utepe wako wewe mwenyewe.

BI MKUBWA: Na uzito wa mkono, je, ule ambao hamjauona kwa utepe lakini mwenyewe anausikia? Huo mtauandika wapi katika kadi yenu?